Paka wa Ulaya ana asiranse, mbuzi wetu ana nani?

Juma hili tunawaletea jambo ambalo wengi wetu tulilicheka lilipotajwa mkutanoni kwa mara ya kwanza: bima ya paka. Bima ndiyo ile tunayoita asiranse.

Dada zetu wanaoishi Ubelgiji, Ufaransa na Canada wanatueleza kwa telefone kwamba kule mtu mwenye paka wa rasi, yaani paka ambaye karatasi zake zinaonyesha wazazi na mababu zake, anaweza kumlipia asiranse kila mwezi. Paka akiugua au akivunjika mguu, kampuni inarudisha sehemu ya feza iliyolipwa kwa mganga wa wanyama. Wamama walicheka sana. Mmoja akasema kwamba paka wa kule anatunzwa kuliko mtu wa huku. Lakini kicheko kilipokwisha, mama mwingine akauliza swali ambalo halikutuacha: kama mnyama wa kupendeza macho anawekewa kinga, kwa nini mbuzi anayelipa minervali ya mtoto hawekewi?

Sisi walimu tunalijua swali hilo kutoka upande mwingine. Tangu zamani sana, wazazi wetu waliuza mbuzi ili mtoto asome. Na leo ni vilevile. Masomo ya msingi ya serikali yalifanywa ya bure mwaka 2019, lakini sekondari bado inalipwa. Mbuzi wa mama akifa mwezi wa kumi na moja, mwezi wa kwanza tunaona nafasi tupu darasani, na mara nyingi nafasi hiyo ni ya msichana. Kwa hiyo leo hatuzungumzi juu ya paka tu. Tunataka tujifunze kwa wenye paka namna ya kuuliza maswali mazuri kabla ya kutoa feza, kisha tuone nini kinafaa hapa kwetu.

Asiranse ya wanyama ilianza na wanyama wa kazi

Tusifikiri kwamba jambo hili lilizaliwa katika nyumba za matajiri wenye paka. Huko Uswidi, mwaka 1890, mtu mmoja aitwaye Claes Virgin alianzisha kampuni ya asiranse kwa ajili ya farasi na mifugo. Farasi alikuwa mguu wa mkulima na jembe lake. Akifa, shamba lilisimama. Mbwa alikuja nyuma, mwaka 1924. Marekani walichelewa zaidi: mwaka 1982 ndipo mbwa aliyecheza sinema ya Lassie alipokatiwa asiranse, na watu wengi wakaanza kusikia habari hiyo. Paka alifuata nyuma ya mbwa.

Basi mama anayetaka kumlinda mbuzi wake haigi wazungu wenye paka. Yeye ndiye anayerudi kwenye chanzo chenyewe.

Namna mwenye paka anavyochagua

Mwenye paka mwenye akili hachagui asiranse kwa kuangalia bei peke yake. Anauliza maswali haya, na sisi tuyashike, kwa sababu yatatusaidia mbele.

La kwanza: mnalipa kwa ajili ya nini? Kuna karatasi inayolipa ajali tu, kama paka amegongwa na gari. Kuna inayolipa ajali na ugonjwa. Kuna inayolipa pia paka akifa au akiibwa. Zote zinaitwa asiranse, lakini si kitu kimoja.

La pili: magonjwa ya ukoo yamo? Paka wa rasi ni mzuri, lakini mara nyingi anarithi na ugonjwa. Paka wa Persian anaweza kuzaliwa na figo zenye vifuko vya maji. Maine Coon, yule mkubwa, anaweza kupata ugonjwa wa moyo, nyama ya moyo ikawa nene. Scottish Fold, yule wa masikio yaliyokunjika, masikio hayo yanatoka kwenye kasoro ya mifupa laini, na kasoro hiyohiyo inaweza kumletea maumivu ya viungo. Kama karatasi inasema magonjwa ya kurithi hayalipwi, mwenye paka huyo amenunua mwavuli wenye tundu mahali pale mvua inapopiga.

La tatu: ugonjwa uliokuwapo mbele je? Karibu makampuni yote hayalipi ugonjwa ambao mnyama alikuwa nao kabla ya karatasi kusainiwa. Ndiyo maana wanashauri kumwandikisha paka angali mdogo na mzima.

La nne: nitangoja siku ngapi? Baada ya kulipa mara ya kwanza, kuna muda ambao kampuni bado hailipi ugonjwa. Wanafanya hivyo kusudi mtu asikimbilie asiranse siku ile ile paka alipoanza kutapika.

La tano: sehemu yangu ni kiasi gani? Tuchukue mfano. Mganga anadai euro 400. Karatasi inasema euro 100 za kwanza ni za mwenye paka, na katika zile zinazobaki kampuni inalipa asilimia 80. Zinabaki 300, kampuni inalipa 240, mwenye paka anatoa 160. Asiyefanya hesabu hiyo mapema atafikiri ameibiwa.

La sita: kuna mpaka wa mwaka? Kampuni inaweza kuandika kwamba haitapita kiasi fulani kwa mwaka mmoja. Tena paka akizeeka, mchango wa kila mwezi unaweza kupanda. Mama wa huko anauliza bei ya mwaka huu na pia namna itakavyoenda paka atakapokuwa na miaka kumi.

La saba: mnanidai nini mimi? Mara nyingi wanataka paka achanjwe kila inavyopasa na aonwe na mganga. Aliyeacha kuchanja, akaja na ugonjwa ambao chanjo ingeuzuia, anarudi mikono mitupu.

Tena kuna neno moja ambalo linakaa chini kabisa ya karatasi nyingi za asiranse, kwa herufi ndogo: vita na fujo hazilipwi. Kwa mama wa Bruxelles neno hilo ni la kupita tu. Kwa mama wa Butembo na Beni ndilo la kusoma kwanza.

Mbuzi wa Kenya na jicho la setelaiti

Karibu na sisi kuna watu waliojaribu. Kaskazini ya Kenya, katika eneo la Marsabit, asiranse ya mifugo ilianza mwezi wa kwanza mwaka 2010. Ilitengenezwa na wataalamu wa ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi, pamoja na wenzao wa vyuo vikuu. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ikaanzisha mpango wake katika Turkana na Wajir, ikilipa yenyewe mchango kwa ajili ya jamaa maskini za wafugaji.

Namna inavyofanya kazi ni ya kushangaza. Hakuna mtu anayekuja kuhesabu ng'ombe waliokufa. Setelaiti inapiga picha kutoka juu na kuonyesha majani ya malisho ni mabichi kiasi gani. Ukijani ukishuka chini ya kipimo kilichokubaliwa, wote walioandikishwa katika eneo lile wanalipwa. Hiyo inaondoa uongo na safari za kukagua, maana katika nchi ya wafugaji wanaohama, kumkagua kila ng'ombe kungekula feza yote.

Lakini tusome vizuri. Karatasi ile inalipa ukame. Mbuzi akifa kwa ugonjwa wakati majani ni mabichi, hailipi. Akiibwa, hailipi. Huko Marsabit ina maana, kwa sababu ukame ndio mwuaji mkubwa. Hapa kwetu, kwenye vilima vyenye mvua karibu mwaka mzima, mbuzi hafi kwa kukosa majani. Anakufa kwa ugonjwa, anaibwa usiku, anagongwa na pikipiki, au anaachwa nyuma watu wakikimbia. Asiranse nzuri ya Marsabit ingekuwa karatasi bure Bulengera. Hilo ndilo fundisho: kabla ya kuuliza bei, uliza mnyama wako anakufa kwa nini.

Akija mtu mlangoni na risiti

Katika nchi yetu, tangu mwaka 1966 kampuni ya serikali SONAS ndiyo peke yake iliyokuwa na ruhusa ya kuuza asiranse. Sheria ya tarehe 17 mwezi wa tatu mwaka 2015 ilifungua mlango kwa makampuni mengine, na ofisi iitwayo ARCA ikapewa kazi ya kuyasimamia. Mwaka 2019 makampuni binafsi ya kwanza yalipata ruhusa. Maana yake kwetu ni hii: mtu yeyote anayesema anauza asiranse ya mifugo lazima atoke katika kampuni yenye ruhusa ya ARCA. Mwulize karatasi ya ruhusa. Mwulize ofisi yake iko wapi. Mwulize yale maswali saba ya paka. Akianza kukasirika, au akisema "leo ni siku ya mwisho", mwageni kwa heshima.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1991, mchezo wa feza ulioitwa Bindo ulipoanguka Kinshasa na watu wengi wakapoteza walichoweka. Hakuna aliyewalazimisha, waliona wenzao wa kwanza wamelipwa, nao wakakimbia kuingia. Mtu kulipwa juzi si ushuhuda kwamba na wewe utalipwa kesho.

Sanduku jekundu tayari tunalo

Wamama, jambo tunalotaka kusema leo ni kwamba wengi wetu tayari tuko ndani ya asiranse na hatukuipa jina hilo. Makundi ya MUSO yana masanduku matatu: la kijani kwa akiba na mkopo, jekundu kwa msaada, na la buluu kwa feza inayotoka nje ya kundi. Makundi ya AVEC nayo yana mfuko wa mshikamano kando ya akiba, katika sanduku lenye kufuli tatu na funguo mikononi mwa watu watatu. Tunapotoa kitu kidogo kila juma katika sanduku jekundu, na kumpa mwenzetu aliyefiwa au aliyejifungua kwa upasuaji, hiyo ni asiranse. Wengi wanalipa kidogo kusudi mmoja asianguke.

Basi kundi linaweza kufungua ukurasa mwingine katika kaye: msaada wa mbuzi. Feza yake iandikwe mbali na ile ya wagonjwa na wafu, kusudi kifo cha mbuzi kisile feza ya mtoto aliye hospitalini. Na kanuni zake tuzichukue kwenye yale maswali ya paka.

Tunalipa nini? Kundi liandike wazi: kifo kwa ugonjwa, kifo wakati wa kuzaa, ajali, wizi uliothibitishwa. Mbuzi aliyechinjwa kwa sikukuu halipwi, wala aliyeuzwa.

Nani anaandikishwa? Mbuzi mzima tu, aliyeonwa na wamama wawili wa komite. Waandike rangi, jinsi, umri, alama ya sikio. Mwenye telefone ya picha apige picha. Mbuzi anayeharisha au kukohoa angoje apone kwanza.

Muda wa kungoja: miezi mitatu. Hii inalinda kundi na mtu anayeingia na mbuzi mgonjwa, tena inalipa sanduku nafasi ya kupata uzito.

Kiasi cha msaada: chini ya bei ya soko. Hapa wamama wengine wanalalamika, lakini fikirini. Kama mbuzi mfu analipwa sawasawa na mbuzi mzima, siku moja atakuwapo mtu ambaye mbuzi wake akiugua hatamtafutia dawa. Mwenye mnyama lazima abaki na sababu ya kutaka mnyama wake aishi.

Mpaka: mbuzi wawili kwa mama mmoja katika mwaka mmoja. Mwenye mbuzi kumi asimalize sanduku la mwenye mbuzi wawili.

Sharti: chanjo na banda. Ambaye hakuchanja wakati kundi zima lilipochanja, halipwi kwa ugonjwa ule. Ambaye anawaacha wanyama njiani usiku, halipwi kwa wizi.

Ushahidi: siku ile ile mbuzi anapokufa, wawili wa komite wamwone kabla hajazikwa. Kwa wizi, shefu wa selile ajulishwe na aandike. Tena kanuni moja isiyo na majadiliano: nyama ya mbuzi aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana haiuzwi wala hailiwi. Kimeta, ugonjwa ambao Wafaransa wanauita charbon, unaua mnyama kwa ghafula, na unampata mtu anayemchuna. Msaada wa sanduku unasaidia hapa pia: mama ambaye amelipwa hana haraka ya kuingiza nyama ile sokoni.

Tufanye hesabu

Mwalimu bila hesabu hajafundisha. Tuchukue kundi la wamama 25, kila mmoja ameandikisha mbuzi wawili. Ni mbuzi 50. Kwa kila mbuzi mama anatoa franka 1.000 kwa mwezi. Kwa mwezi mmoja zinaingia franka 50.000; kwa miezi mitatu ya kungoja 150.000, kwa mwaka mzima 600.000.

Tuseme msaada wa mbuzi mmoja ni franka 100.000. Mtu ataharakisha kusema: 600.000 kwa 100.000, tunaweza kulipa mbuzi sita. Ndiyo, lakini sanduku litabaki tupu, na mwezi wa kwanza wa mwaka wa pili mbuzi wa saba akifa tutagombana. Heri robo, yaani 150.000, ibaki kama akiba isiyoguswa. Zinabaki 450.000: mbuzi wanne, na 50.000 ya kusaidia safari ya mganga na chanjo. Basi kundi hili linaweza kubeba vifo vinne kati ya mbuzi 50 kwa mwaka. Kama kaye yenu ya mwaka uliopita inaonyesha kwamba mlipoteza nane, basi mchango huu ni mdogo, au msaada ni mkubwa. Afadhali kujua hilo mbele ya kuanza.

Namba hizi ni za mfano. Wekeni bei za soko lenu. Lakini msianze kwa kuuliza "tutoe ngapi?" Anzeni kwa kuhesabu vifo vya mwaka uliopita, kila mama wake, kwa ukweli.

Jambo ambalo sanduku haliwezi

Sasa tuseme neno gumu. Sanduku la kundi linaweza kubeba msiba wa mmoja. Msiba wa wote siku moja haliwezi. Mbuzi wa mama mmoja akigongwa, 24 wanamsaidia. Ugonjwa ukipita na kuua mbuzi 20 katika juma moja, hakuna anayebaki wa kumsaidia mwingine. Na vita ikipita, kama tulivyoona kwa ndugu zetu waliofika Butembo na mizigo kichwani, mwenye sanduku na asiye nalo wanakimbia pamoja.

Kwa hiyo kanuni iandikwe kabla ya siku hiyo: vifo vikipita hesabu, kilichomo kinagawanywa sawasawa kwa kadiri ya waliopoteza, bila kugusa feza ya wagonjwa. Iandikwe leo tungali tunacheka pamoja. Kanuni inayotungwa siku ya kilio inavunja kundi.

Na kwa misiba ya wote, kinga inatoka mahali pengine. Kwa mbuzi na kondoo, adui mkubwa ni pesti ya mbuzi, inayojulikana kwa herufi PPR. Mbuzi ana homa, kamasi na machozi mazito, vidonda mdomoni, anakohoa na kuharisha, na anaweza kufa kwa siku chache. Ilithibitishwa nchini kwetu mwaka 2012. Lakini chanjo yake ni nzuri: sindano moja inalinda miaka mitatu au zaidi. Ugonjwa ndugu yake, ule wa ng'ombe, ulitangazwa mwaka 2011 kwamba umekwisha duniani, na mashirika ya FAO na WOAH yanataka pesti ya mbuzi nayo iishe ifikapo mwaka 2030. Chanjo ya mbuzi 50 wa kundi moja ni rahisi kuipanga kuliko ya mbuzi wawili wa mama mmoja, maana mganga anafanya safari moja. Hapo ndipo kundi linapokuwa na nguvu.

Kwa nguruwe hali ni nyingine. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa na waganga kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, haina dawa, na mfugaji wa kwetu hana chanjo ya kuitegemea. Haimpati mtu, lakini inamaliza banda zima. Kinga yake ni kufunga nguruwe bandani, kutowapa mabaki yenye nyama ya nguruwe, na kutonunua nguruwe wa bei ya chini ghafula kutoka mahali wanapokufa. Kundi lisiahidi msaada wa nguruwe kwa kanuni ileile ya mbuzi, sanduku halitadumu.

Kwa kuku, chanjo ya Newcastle ya matone ya jicho inarudiwa kila miezi mitatu au minne. Na mwenye nafasi ndogo asidharau kobayi, wale wengine wanaita dende: wanazaa upesi, wanakula majani ya jikoni, na watu wakikimbia wanabebeka katika kikapu. Kutoweka mali yote katika aina moja ya mnyama ni asiranse isiyohitaji karatasi.

Tena Butembo tuna bahati ambayo miji mingi haina: Chuo Kikuu cha Graben, UCG, kina kitivo cha waganga wa wanyama. Kundi likienda kuuliza kwa umoja juu ya chanjo na juu ya kalenda yake, linasikilizwa kuliko mama mmoja mmoja.

Na paka wetu je?

Hatutamsahau aliyetuletea mazungumzo. Paka wa Bulengera hana karatasi za mababu, lakini analinda gunia la maharagi na la mahindi. Asiranse yake ni mambo matatu.

Achanjwe kichaa cha mbwa tangu miezi mitatu, na kurudia kama mganga anavyosema, kwa sababu paka naye anaweza kupata kichaa akampa mtoto kwa kumwuma au kumkwaruza. Mtoto akiumwa, osheni jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha mpelekeni mara moja kwenye kituo cha afya kwa sindano, hata kama jeraha ni dogo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Msiweke sumu ya panya katika nyumba yenye paka. Panya anakula sumu, paka anakula panya, na mlinzi wa gunia anakufa pamoja na mwizi.

Na panya wakifa wengi bila sababu, msiwashike kwa mkono. Ndugu zetu wa Ituri wanaijua tauni inayobebwa na viroboto vya panya, na paka naye anaweza kuipata na kuileta nyumbani. Habari hiyo ipelekeni upesi kwa kituo cha afya.

Kazi ya juma hili

Tunaomba kila kundi lifanye mambo matatu kabla ya mkutano wa siku ya posho. Hesabuni wanyama wenu wote, na walio kufa tangu mwaka uliopita, na sababu ya kila kifo. Someni pamoja yale maswali saba, kila mmoja ajibu kwa ajili ya mbuzi wake. Kisha mpige kura: mchango kiasi gani, msaada kiasi gani, mpaka upi. Kundi ambalo halijawa tayari lisilazimishwe. Liendelee na hesabu ya kaye kwa miezi mitatu, kisha lizungumze tena.

Dada aliye Bruxelles aendelee kumlipia paka wake. Ni haki yake, na sasa tunajua anachouliza kabla ya kusaini. Sisi tuna mbuzi, tuna kaye, tuna kufuli tatu, na tunajuana majina. Mwezi wa kwanza tungependa kumwona kila msichana amekaa mahali pake darasani.